Kitabu cha Uzeeni: Kipi Kinalipa kwa Msomaji wa Kamenu?

Mkazi wa Kamenu, Thika, aliyefikisha miaka 70 na jina lake likaingia kwenye orodha ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa posho ya wazee, hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi. Kitabu kipya kuhusu uzee, kilichoagizwa kutoka Uingereza au Marekani, huuzwa Nairobi kwa takriban shilingi 1,500 hadi 2,500. Kitabu kimoja tu chaweza kumeza posho ya mwezi mzima na bado kudai nyongeza. Mwalimu au karani aliyestaafu serikalini akiwa na miaka 60 ana pensheni ya kumpa nafasi kidogo, lakini naye ana dawa za presha, karo ya mjukuu na mchango wa chama. Pesa ya kitabu huwa imeng'olewa mahali pengine.

Makala haya yanalinganisha njia za kupata vitabu hivyo ukiwa Thika, kisha vitabu vyenyewe. Msimamo wake ni mmoja: bei ya kitabu haikuambii gharama yake. Kitabu cha shilingi 300 kilichoachwa kwenye ukurasa wa kumi ni ghali kuliko cha 1,200 kilichosomwa mara mbili na kupitishwa kwa jirani. Na wasomaji wenye umri huacha vitabu kwa sababu tatu hasa: herufi ni ndogo, lugha ni nzito, au maisha yanayosimuliwa hayakutani na yao popote.

Anza na macho

Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na mtu hujikuta anausukuma ukurasa mbali mpaka mkono unaishia. Miwani ya kusomea iliyo tayari huuzwa mitaani na madukani kwa shilingi mia mbili hadi mia tano hivi. Nguvu zake huanzia karibu +1.00 na kupanda kidogo kidogo. Usiijaribu kwa kadi ya muuzaji. Nenda na kitabu unachotaka kukisoma, kifungue katikati, kiwiko kikiwa kimekunjwa kama ulivyozoea kukaa, kisha usome aya nzima. Ukisoma maneno matatu tu utadanganyika, kwa maana jicho hujikaza kwa muda mfupi halafu huchoka.

Faida ya miwani haiishii kwenye vitabu. Utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health, ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya kuonea karibu walichuma majani mengi zaidi kuliko wenzao waliokuwa bado hawajapewa.

Lakini ukiona ukungu, au duara za rangi kuzunguka taa, au miwani isikusaidie kitu, usiendelee kubadilisha miwani ya mtaani. Huenda ni mtoto wa jicho au presha ya macho, na presha ya macho ikishaharibu hairudishi. Hospitali ya Thika Level 5 iko karibu, na kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu kiko ndani ya kaunti hii hii ya Kiambu.

Kuna pia ukubwa wa herufi. Riwaya za kawaida huchapwa kwa herufi za pointi 10 au 11, ilhali maandishi makubwa huanzia pointi 16. Wazee wengi wanaijua tofauti hiyo kutokana na Biblia ya maandishi makubwa ya Chama cha Biblia cha Kenya. Vitabu vingi kuhusu uzee havipatikani hapa kwa maandishi ya namna hiyo, na ni ajabu ukifikiria ni nani anayelengwa kuvisoma.

Aliyepoteza uwezo wa kuona naye hajafungiwa mlango. Thika ndiyo yenye shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Kenya iliingia katika Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017. Mkataba huo unaziruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za Breli au za sauti bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Njia nne za kukipata

*Kipya, dukani.* Tangu Sheria ya VAT ya 2013 vitabu hutozwa kodi ya asilimia 16. Kati ya shilingi 1,160 unazolipa kaunta, 160 si za mwandishi wala za duka. Ongeza nauli: matatu ya Thika kwenda Nairobi ni kama shilingi 100 saa za kawaida, na 150 au zaidi watu wanapojazana, na hiyo ni safari ya upande mmoja. Ndiyo maana kuagiza mara nyingi kuna nafuu. Maduka kama Nuria, yanayojulikana kwa kuuza waandishi wa Kenya, na Text Book Centre huuza pia mtandaoni. Unalipa kwa M-Pesa, na mzigo hufika Thika kwa gharama isiyozidi sana nauli yako ya kwenda na kurudi. Kuagiza kuna hasara moja: huoni herufi. Mwambie muuzaji akupigie picha ya ukurasa mmoja akiwa ameweka kalamu kando yake, upate kukadiria ukubwa.

*Mtumba.* Hivi ndivyo vitabu vya "inama", vinavyotandazwa chini kando ya barabara, na wenye magoti mabovu wanaelewa jina hilo kuliko vijana. Bei huanzia kama shilingi 100, nayo hupatana.

"Shosho, hii ni mia tatu tu."

"Mia mbili, kijana wangu. Jalada limetoka na nyuma kuna mtu ameandika hesabu."

"Haya, leta mia mbili hamsini."

Kabla ya kutoa pesa, kunja kitabu kidogo usikilize gundi ya mgongo. Ikilia, kurasa zitaanza kutoka kabla hujafika katikati. Angalia pia kurasa za mwisho, kwa kuwa ndizo huchanwa kwanza. Na uliza kama muuzaji atakirudisha kwa nusu bei ukishakisoma. Wengi hukubali, na hapo umekikodi.

*Maktaba.* Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS, ina tawi Thika, na Katiba ya 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Ulizia ada ya uanachama kisha uipime na bei ya kitabu kimoja kipya. Fasihi ya Kiswahili na ya Kiafrika ndiyo nguvu ya maktaba za umma. Vitabu vya ng'ambo vya karibuni ni bahati nasibu. Hata hivyo maktaba ina kazi ambayo duka haliwezi kuifanya: unaonja kitabu kabla ya kukinunua.

*Simu.* Hapa herufi unazikuza utakavyo, na hilo peke yake linaweza kuamua. Kitabu kisicho na picha hakimalizi bando, maana hakifiki hata ukubwa wa video fupi moja ya WhatsApp. Vitabu vya kale vilivyotoka kwenye hakimiliki hupatikana bure kwenye Project Gutenberg. Vipya vya kulipia huuzwa kwa dola: kwa kiwango cha kama shilingi 129 kwa dola, kitabu cha dola 10 ni shilingi 1,290, nawe huwezi kumpa jirani ukishamaliza. Simu nyingi za Android pia husoma maandishi kwa sauti, hata ya Kiswahili. Sauti ni kavu, lakini usiku macho yakichoka hufaa.

PDF zinazozunguka kwenye magrupu si za kuhesabiwa hapa. Nchini Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Isitoshe, nakala hizo huwa ni picha za kurasa, na picha huwezi kuikuza herufi zikajipanga upya.

Vitabu vyenyewe

*Being Mortal*, cha daktari wa upasuaji Atul Gawande, kilitoka 2014, na ndicho kinachotajwa kwanza kila penye mazungumzo ya uzee. Hoja yake ni kwamba udaktari umejifunza kurefusha maisha bila kumuuliza mgonjwa anataka kuishi vipi. Sehemu kubwa inahusu nyumba za kutunzia wazee Marekani, kitu ambacho wengi Kamenu hawana na wala hawakitaki. Kuna msomaji atakayefika hapo akafunga kitabu. Asifunge. Aanze na babu yake Gawande, Sitaram, mkulima wa kijijini India aliyekaribia miaka 110. Mzee huyo alikuwa bado anapanda farasi kulikagua shamba lake, huku jamaa wakimpa mkono pale tu alipouhitaji. Kisha arukie daktari Bill Thomas, ambaye mwaka 1991 aliingiza mbwa wawili, paka wanne na kasuku wadogo mia moja katika nyumba ya wazee huko New York, na wazee waliokuwa kimya wakaanza kuomba kazi ya kuwalisha. Kingereza chake ni chepesi. Kina mauzo makubwa duniani, kwa hiyo kwenye mtumba hakikosekani kabisa. Kwa familia inayomuuguza mzazi, hiki kinalipa hata kikinunuliwa kipya, mradi watoto nao wakisome.

*Cato Mzee kuhusu uzee*, kijitabu cha Mrumi Cicero, kiliandikwa mwaka 44 kabla ya Kristo. Kwenye simu hakikugharimu chochote, na ni kifupi kiasi cha kumalizwa kwa siku chache. Anayezungumza ni Cato akiwa na miaka 84, akijibu malalamiko manne: kwamba uzee humwondoa mtu kazini, hudhoofisha mwili, hunyang'anya starehe na hukaribisha kifo. Kurasa ambazo mtu wa Thika atazipenda ni zile za shamba, pale Cato anapoeleza furaha ya kuona mzabibu ukipandwa na kukatiwa matawi. Yeyote aliyewahi kupogoa kahawa atamwelewa. Tafsiri nyingi za bure ni za Kingereza cha zamani, na hiyo ndiyo bei yake ya kweli. Kumbuka pia kwamba Cato alikuwa tajiri. Uzee wake haukungoja ujumbe wa M-Pesa.

*La Vieillesse* cha Simone de Beauvoir, cha 1970, ndicho kizito kuliko vyote, kwa uzani na kwa hoja. Alikiandika akiwa na miaka 62 kulaumu jamii inayowatupa wafanyakazi wake wakishazeeka, na mstaafu wa viwanda vya Thika ana la kumjibu. Lakini ni mamia ya kurasa za herufi ndogo, na tafsiri yake ya Kingereza ni nadra hapa. Kitafute maktaba za vyuo vikuu. Kukiagiza kwa posho ya uzee si busara.

*By the Sea* cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ni riwaya ya 2001. Saleh Omar, mfanyabiashara wa samani mwenye miaka 65, anatua Uingereza na pasipoti ya jina lisilo lake, akijifanya hajui Kingereza. Amebeba kisanduku cha udi, na afisa wa uwanja wa ndege anakinyang'anya. Sijui kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi namna mtu anavyojipanga upya umri ukiwa umekwenda, mbali na watu wanaomjua. Mzazi aliyepelekwa kuishi kwa mwanawe Uingereza au Marekani atajiona humo. Kinataka subira, kwa hiyo kiazime kwanza.

*Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert ni chaguo la msomaji wa Kiswahili. Ni wasifu wa mtu aliyeishi kwa mshahara wa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika: uhamisho, ndoa, kufiwa na mkewe Amina, watoto kuachiwa mawaidha kwa tenzi. Alifariki 1962 akiwa na miaka 53, kwa hiyo uzee wa mvi tele haumo. Kilichomo ni swali la mtu anayeona kazi ya mshahara ikifikia ukingoni na kutaka kuhesabu alichofanya. Riwaya na wasifu za Kiswahili zinazochapishwa Afrika Mashariki kwa kawaida huuzwa chini ya shilingi 1,000. Hiki kinasomwa kwa sauti kukiwa na wajukuu, na kwa hesabu ya kurasa zinazosomwa kwa kila shilingi hakina mpinzani kwenye orodha hii.

Kuna pia walioandika uzeeni bila kuandika kuhusu uzee. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwana wa Kamirithu katika kaunti hii, alizaliwa 1938 na alikuwa na miaka 72 alipotoa *Dreams in a Time of War* mwaka 2010, kumbukumbu za utoto wake wakati wa Mau Mau. Alitoa nyingine mbili baadaye, na akaendelea kuandika kwa Gĩkũyũ hadi karibu na kifo chake Mei 2025. Kwa guka aliyekulia miaka hiyo hiyo, kitabu hicho kinaamsha kumbukumbu zake mwenyewe, na kinafaa kusomwa daftari likiwa kando. Anayesoma Gĩkũyũ kwa wepesi kuliko Kingereza atafute *Kenda Mũiyũru* cha 2018. Upande wa Kiswahili, Adam Shafi alikuwa amepita miaka 70 alipochapisha *Mbali na Nyumbani* mwaka 2013, akisimulia ujana wake wa kusaka njia ya kwenda Ulaya. Kinachekesha, na kicheko nacho kina thamani.

Vinavyooza haraka

Kundi moja la vitabu lina tarehe ya mwisho kama maziwa ya pakiti: vitabu vya pesa, afya na sheria za kustaafu. Hapa mtumba ni mtego.

Kitabu kilichochapwa kabla ya Aprili 2009 kitakuambia mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 55. Kilichotangulia Februari 2023 kina viwango vya zamani vya NSSF. Kilichotangulia Oktoba 2024 bado kinazungumzia bima ya afya ya NHIF, ilhali sasa ni SHA, ambako mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Vya Marekani ndivyo vibaya zaidi kwa mnunuzi wa hapa. Fungua faharasa nyuma: ukiona 401(k) na Medicare zimejaza safu, kirudishe ulipokitoa. Mwandishi anaweza kuwa hodari, lakini anamshauri mtu wa nchi nyingine.

Kwa mambo haya cha bure ndicho bora, kwa sababu ndicho kinachosahihishwa. Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, hutoa maelezo yake mtandaoni bila malipo. Katiba ya Kenya nayo inapakuliwa bure, ikiwemo kwa Kiswahili. Ibara ya 57 inahusu wazee moja kwa moja: haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, ya kujiendeleza, ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na kwa Serikali. Chapisha ukurasa huo kwenye saiba kwa herufi kubwa. Ukibishana na ofisi au na mwanao kuhusu shamba, utakufaa kuliko kitabu chochote cha shilingi elfu mbili.

Bajeti tatu

*Shilingi 500.* Kama huna miwani, nunua miwani, na usijute kwamba hukununua kitabu. Cicero na Katiba viko kwenye simu, na maktaba ya Thika huenda ikawa na Shaaban Robert au mwenzake. Anayeona vizuri atafute kimoja cha inama, kiwe riwaya au kumbukumbu, kisiwe cha ushauri wa pesa.

*Shilingi 2,000.* Nunua *Maisha Yangu* kikiwa kipya. Kinachobaki kitafutie nakala ya mtumba ya Gawande, na usipoipata kwa bei hiyo weka pesa hadi mwezi ujao. Kununua cha pili ili mradi pesa iishe ndiyo njia ya kujaza kabati vitabu visivyosomwa.

*Chama.* Hapa ndipo hesabu inageuka. Wanachama kumi wakitoa shilingi 200 kila mmoja kwa mwezi, mwaka unazaa shilingi 24,000. Vitabu vikiwa na wastani wa shilingi 1,200, chama kinapata 20. Kila mtu ametoa 2,400, bei ya kitabu kimoja cha ng'ambo, na amefungua mlango wa vitabu ishirini: shilingi 120 kwa kimoja. Kwa bajeti hiyo hata *By the Sea* kipya si anasa. Sharti ni moja, liandikwe kwenye daftari la mweka hazina: kitabu hakikai kwa mtu zaidi ya mwezi, na asiyekimaliza hukipitisha bila kulaumiwa.

Kwa wana na mabinti wanaotaka kumnunulia mzazi: kitabu chenye neno la kifo kwenye jalada, kikifika siku ya kuzaliwa kwa mama, kitasomwa kama ujumbe. Muulize kwanza anasoma lugha gani kwa raha na herufi za ukubwa gani. Mara nyingi zawadi bora ni vipimo vya macho, kisha riwaya aliyoipenda zamani kwa nakala isiyochakaa.

Kwa jumla, nunua wasifu, azima riwaya, na pakua sheria. Kama ni kitabu kimoja tu kwa mwaka, msomaji wa Kiswahili anunue Shaaban Robert, na msomaji wa Kingereza anayeuguza mtu amtafute Gawande kwenye mtumba. Ukikiacha chochote kati ya hivyo kabla ya ukurasa wa hamsini, kiuze wiki hiyo hiyo. Kitabu cha mtumba hakipandi bei kikikaa kabatini.